Taa ya kichwani ya kukimbilia alfajiri: lumeni sio kila kitu

Wakuu mnaotoka kukimbia saa kumi na moja alfajiri, hii ni yenu. Kwenye kundi letu kila baada ya muda kuna mtu anauliza anunue taa gani, na majibu yanayokuja ni yale yale, chukua yenye lumeni nyingi basi, yaani ule wingi wa mwanga unaoandikwa kwenye boksi. Hapana jamani. Mimi natumia Actik Core ya kampuni ya Petzl, ile ya lumeni 600, nimeshapita nayo masika na joto la Disemba kwahiyo naweza kuisemea, na kiukweli hizo lumeni 600 ndo kitu ninachokitumia kidogo kuliko vyote kwenye hiyo taa.

Huku Dar jua linachomoza mnamo saa kumi na mbili, mwezi wa sita na wa saba linachelewa mpaka saa kumi na mbili na nusu imepita, sasa mtu ambaye saa moja anatakiwa awe ameshaingia kwenye foleni ya kwenda kazini mazoezi yake yote ni gizani. Wanaokimbilia Daraja la Tanzanite na barabara kubwa wana taa za barabarani, hawajui shida yetu. Shida iko huku Goba, Kinyerezi, Mbezi za ndani, kokoto, mfereji hauna mfuniko, na tuta ambalo wananchi wamejijengea wenyewe wala halina rangi.

Kitu cha kwanza ni taa kutulia kichwani. Hiki hakiandikwi kwenye boksi ndo maana watu hawakiulizi. Zile taa kubwa zenye kiboksi cha betri nyuma ya kisogo ni nzuri sana kwa mlinzi au mvuvi, mtu aliyekaa au anayetembea, ila ukianza kukimbia kile kiboksi kinakuvuta nyuma, taa mbele inadunda, unakaza mkanda mpaka kichwa kinauma na bado mwanga unacheza cheza barabarani kiasi kwamba macho yanachoka kabla ya miguu. Actik Core betri na taa viko pamoja mbele, haifiki gramu 90, mkanda mmoja tu, ukishaloa jasho haushuki. Alafu angalia pale kwenye bawaba taa inapoinamia. Hii ukiiinamisha inalia ta, ta, ta, ina meno, ukiiacha inakaa hapo hapo mpaka unarudi nyumbani. Kuna ya bei rahisi niliwahi kuwa nayo, haina hata jina la kampuni, bawaba yake baada ya miezi ikalegea, kila ukitua mguu taa inainama kidogo, kufika kilomita ya tatu inamulika tumbo. Taa ikishafika hapo hata ingekuwa na lumeni elfu haina kazi.

Sasa lumeni zenyewe. Ukikimbia pesi ya dakika 6 kwa kilomita unapita karibu mita 3 kila sekunde, kwahiyo ukiona vizuri mita kumi mpaka kumi na tano mbele una sekunde tatu mpaka tano za kuamua mguu uuweke wapi, na kwa barabara ya vumbi hizo zinatosha. Actik Core mwanga wake wa katikati ni lumeni 100, huo ndo ninaokimbia nao karibu siku zote. Ule mkali wa 600 nauwasha nikisikia mbwa, namulika mbele macho yake yanang'aa najua yuko upande gani na wako wangapi, alafu narudisha chini.

Kampuni zinazofuata kipimo kinaitwa ANSI FL1 zinapima lumeni zikiwa zimeshawaka sekunde 30 hivi, na muda wa betri wanauhesabu mpaka mwanga unapobaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Yaani boksi likisema masaa manane, ya mwisho mwisho unaweza kuwa unatembea na kamwanga ka kutafutia funguo mlangoni. Na hizo ni kampuni zinazopima. Zile zilizoandikwa lumeni 100000 hazijapimwa na mtu yeyote, ni uongo, na utazijua pia kwa betri: ukifungua unakuta ile ya duara saizi ya 18650 imeandikwa 9900mAh, hiyo mAh ndo kipimo cha chaji inayobeba. Betri ya saizi hiyo, hata zile nzuri kabisa, zinaishia 3500 hivi, ukizidisha sana 4000. Ukiona 9900 rudisha hapo hapo, mtu aliyedanganya kwenye betri hawezi kukwambia ukweli kwenye mwanga.

Betri ya Actik Core inachajiwa kwa waya wa USB, na kwangu inamaliza wiki ya mazoezi ya asubuhi kwa mwanga wa katikati. Ila kilichonifurahisha ni kwamba ukiitoa unaweka betri tatu nyembamba za rimoti, zile za AAA zinazouzwa duka la Mangi yeyote. Umeme umekatika usiku kucha, hujachaji, unaamka unatia betri za dukani unaondoka. Kwa nchi yetu hicho kitu kina thamani kuliko lumeni mia mbili za ziada.

Kuna jambo moja ambalo taa yoyote ya kichwani itakuzingua, iwe ya bei gani. Taa ikiwa juu ya macho, kivuli cha jiwe au cha tuta kinaangukia upande wa pili ambako wewe hukioni, barabara yote inaonekana bapa, shimo na tuta vinafanana. Ukishusha mwanga ukawa kiunoni au mkononi vivuli vinatokea, kila kokoto inaonekana imesimama. Ndo maana kwenye njia mbaya mimi nashika na tochi ndogo mkononi, naishusha usawa wa paja, pale kwenye mteremko wa mawe naona kila kitu. Huhitaji tochi ya gharama, hata ya buku tano inafanya kazi hiyo.

Mvua haijaisumbua Actik Core, ina IPX4, maana yake maji ya kurukia kutoka pande zote inavumilia, ila usiizamishe. Jasho pia sawa, mkanda unatoka unafuliwa.

Alafu adabu ya barabarani jamani. Muda ule unakutana na wazee wanatoka swala ya alfajiri na akina mama wanaenda kufungua genge, ukiwapiga mwanga usoni unawapofua kabisa, gusa taa iiname ukiwa bado mbali. Dereva wa bodaboda hivyo hivyo, ukimpofua wewe ndo utagongwa. Kimbia upande wa kulia uone magari yanayokuja, na usifikiri taa ya mbele inatosha kukuonyesha, aliye nyuma yako haioni. Vaa reflekta, ile ile ya bodaboda inatosha, na taa ndogo nyekundu ya kupepesa nyuma ya kiuno.

Bei ya Actik Core ndo tatizo, hata nje huko sio ya bei rahisi na Kariakoo sio rahisi kuikuta, mimi yangu ililetwa na ndugu. Kama hela haitoshi, Petzl hao hao wana Bindi, gramu 35, lumeni 200, mkanda wake ni kama kamba tu, kwa mtu wa barabara ya lami inatosha sana, ila betri yake ni ya kuchaji tu kwahiyo habari ya betri za rimoti sahau. Na kama unachukua isiyo na jina Kariakoo wala sio vibaya, zipo zinazofaa, chagua nyepesi isiyo na kiboksi cha nyuma, inamisha taa mara nyingi usikie kama bawaba ina meno, vaa ukaze, alafu ruka ruka hapo hapo dukani bila aibu uangalie mwanga ukutani unachezaje. Muuzaji akikwambia usiruke, hamia duka la jirani.