Tambi za pakiti: ubaya uko kwenye kifuko cha viungo

Tambi za dakika tatu zina hoja moja ngumu kuipinga. Mtu anayefika chumbani usiku, mwenye jiko la kichwa kimoja, hawezi kuanza kuchemsha maharage makavu yanayotaka kulowekwa kwanza na kukaa motoni saa nzima au zaidi. Haishangazi kwamba bidhaa hii, iliyobuniwa na Momofuku Ando nchini Japani mwaka 1958, imeenea kila miji inapopanuka. Kwa wepesi wa kupika na kukaa bila friji, naipa alama zote. Kwa lishe, 2 kati ya 5, na hizo ni kwa hisani.

Wepesi wenyewe unatokana na mafuta. Tambi hupikwa kwa mvuke, kisha hukaangwa, mara nyingi kwa mawese, hadi maji yatoke na kuacha vitundu vidogo. Humo ndimo maji ya moto yanapoingia upesi. Matokeo yake, asilimia 15 hadi 20 ya tambi kavu ni mafuta. Zilizokaushwa kwa hewa moto zina mafuta machache sana, ila kifuko chake kina chumvi kama kawaida.

Chumvi ndiyo kesi kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na miligramu 2,000 za sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi. Lebo ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi: pakiti yenye miligramu 1,600 ina gramu 4, kwa mlo mmoja tu! Angalia pia kama hesabu ni ya gramu 100, ya pakiti nzima au ya nusu. Kuandika "milo miwili" kwenye pakiti ambayo hakuna anayeigawa ni ujanja wa kuudhi.

Chemsha tambi peke yake, mwaga maji, tia mengine ya moto, ndipo uweke theluthi au nusu ya viungo. Ukivitia mwanzoni, huna namna ya kupunguza. Yai moja huongeza protini takriban gramu 6. Mboga za majani, konzi mbili, ziingie dakika ya mwisho. Wengi hupunguza kifuko halafu wakamimina mchuzi wa soya au kuvunjia kidonge cha supu, na chumvi ikarudi palepale. Mwenye presha aache mchuzi bakulini. Watoto wanaotafuna tambi mbichi zilizonyunyiziwa unga wote wa kifuko hawana hata mchuzi wa kuacha.

Pakiti iliyokaa juani dukani usiichukue hata kama tarehe bado: joto na mwanga huharibu mafuta. Ukifungua ikanuka kama rangi ya ukutani, itupe.