Jaws Corner, Mji Mkongwe: kahawa chungu bila kashata

Mgeni akiniuliza Unguja pa kunywa kahawa, namwelekeza Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana na mabaraza yanajaa watu kuanzia alasiri. Menyu hakuna. Kuna dele, birika la kahawa, juu ya makaa, maji ya kusuuzia vikombe, na kahawa nyeusi isiyotiwa sukari, yenye tangawizi inayoshika koo. Kikombe hakina mkono, na ni kidogo: mafunda machache umekimaliza, muuzaji anakutazama kama akuongeze.

Mimi nilikuwa mtu wa kashata. Ya njugu, ya nazi, na halua ikipatikana, ile iliyokorogwa juu ya moto mpaka samli ikang'ara, iliki na kungumanga zikinukia. Utamu ule siutukani hata kidogo; ni neema, na uchungu wa kahawa ndio unaoutoa vizuri. Lakini tonge la pili halilingani na la kwanza, na la nne unalila kwa mazoea tu. Ulimi unazoea upesi, kisha unadai zaidi.

Daktari akanikataza sukari. Jioni zangu sikuziacha. Nikakaa na uchungu mtupu, na kilichopungua kikawa cha mdomoni peke yake. Dhumna zinapigwa vilevile, Simba na Yanga bado wanatugombanisha, na nikikosa siku moja, kesho yake naulizwa, "Sheikh, jana hukuonekana, kulikoni?" Swali hilo nalibeba mpaka nyumbani, na asubuhi bado ninalo. Kashata haikuwahi kunifikisha asubuhi.

Hotelini utapata kahawa laini zaidi, yenye maziwa na povu, kwa bei kubwa. Nimezinywa, na ni tamu kweli. Ila sikumbuki hata moja niliinywa na nani.

Njoo jua likipoa. Ramadhani njoo baada ya tarawehe, ingawa nafasi ni ya kubanana. Beba chenji ndogo, toa salamu kabla ya kuagiza, na usikimbilie simu. Aliye pembeni yako atakusemesha. Baraza ni gumu, pa kuegemea ni ukuta. Wanaokaa wengi ni wanaume, lakini mgeni yeyote hukaribishwa. Na wewe ambaye daktari hajakukataza, chukua kashata ya njugu, moja inatosha.