Tsavo Mashariki au Magharibi: Ipi Uilipie Ukitoka Mombasa Kupiga Kambi na Kupanda Vilima

Likizo ya Agosti ikikaribia, jamaa na majirani huniuliza swali moja: twende Tsavo gani? Wengi hudhani ni mbuga moja yenye malango mengi. Ilianza hivyo mwaka 1948, kisha ikagawanywa pande mbili, na leo barabara ya Nairobi na reli ndizo zinazopita katikati. Tikiti ya upande mmoja haikuingizi upande wa pili, kwa hivyo ni lazima uchague kabla hujalipa.

Jambo la kwanza ulijue ili usije ukasikitika langoni: hakuna upande ambao utashuka garini na kujiendea utakavyo. Hii ni nyika yenye simba na ndovu. Unatembea sehemu zilizoruhusiwa tu, na kwingine ni lazima ufuatane na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki. Pikipiki haziruhusiwi. Ukikosa gari la kuinuka, changeni watu watano au sita mkodi moja.

Ya kwanza kwangu: Tsavo Magharibi

Kama safari yako ni ya miguu, lipa huku. Lango la Mtito Andei liko kama kilomita 240 kutoka Mombasa, na malori ya barabara hiyo mnayajua, basi tokeni alfajiri. Kambi ya Kamboyo haiko mbali na lango hilo.

Kilichonifanya niipende ni Chaimu, kilima cha volkano kilichojaa changarawe nyeusi nyepesi. Ukikanyaga, mguu unazama hadi kifundoni, unateleza nusu ya hatua uliyopiga, na mawe madogo yanaingia viatuni yakichoma kama makaa ikifika saa nne asubuhi. Mwanangu wa miaka kumi alipanda kwa mikono na miguu. Tulipofika juu hatukusema neno, tulikaa tu kuitazama nyika hadi vilima vya Chyulu. Pandeni mapema, kabla jua halijakolea. Kuna pia Shetani, mto wa lava iliyoganda. Wazee waliouona moto ukitoka ardhini walidhani ni shetani mwenyewe, ndiyo asili ya jina.

Halafu kuna chemchemi za Mzima. Mvua inayonyesha Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano, ikasafiri chini kwa chini, ikatokea hapa ikiwa safi kabisa. Kuna njia ya miguu chini ya miti, na chumba cha vioo ndani ya maji unapowaona samaki, na viboko ukibahatika. Sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi kwetu Mombasa. Wallahi, kila mtoto wa Mombasa anastahili kupaona mahali maji ya nyumbani kwao yanapotoka.

Ya pili: Tsavo Mashariki

Ni ya pili kwa kutembea, lakini kwa familia yenye watoto wadogo, au mwenye usiku mmoja tu, naiweka mbele. Voi ni kama kilomita 150, na hata treni ya SGR inasimama hapo, ila ile inayopita vituo vya njiani. Kambi ya Ndololo iko karibu na lango la Voi, kwa hivyo hamtafuti njia gizani.

Huku nchi ni tambarare na wazi, ndovu wekundu kwa vumbi unawaona kutoka mbali. Mwamba wa Mudanda, mrefu kama kilomita 1.6, hukusanya maji ya mvua na kuyateremsha bwawani chini yake, na kiangazi wanyama hukusanyika hapo. Maporomoko ya Lugard kwenye mto Galana yamechonga mawe maumbo ya ajabu, lakini msikaribie ukingo: mamba wapo. Mazoezi ya miguu ni machache, vumbi ni jingi. Mchana wa Januari hemani hapakaliki.

Kabla hujatoka

Malipo ni kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, pesa taslimu hazipokelewi langoni, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Ada ya kambi ni mbali na ya kuingia. Tazameni bei siku ile ile mnayolipa, zimekuwa zikibadilika.

Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Bebeni maji kwa madumu, lita tano kwa kila mtu kwa siku, na mengine ya kupikia. Epukeni masika, Machi hadi Mei, gari litakwama.

Chakula kifungieni garini, si hemani. Ndololo nyani alitupasulia wavu wa hema kwa ajili ya mkate wa mofa tuliouacha ndani, tukalala na mbu usiku kucha. Na viatu viwe vya soli ngumu: lava ya Shetani hukata raba kama kisu.