Kilimo hai sokoni Kampala: wapi uongeze hela na wapi usiongeze

Ukilipa zaidi kwa chakula cha kilimo hai, yaani kilichokuzwa bila dawa wala mbolea za viwandani, kwa ajili ya afya, jua unanunua nini hasa. Hununui vitamini. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti zaidi ya 200 wakakuta virutubisho vyake na vya kilimo cha kawaida vinakaribiana. Tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa mabaki ya dawa za kupulizia. Mwaka 2014 timu ya Newcastle, Uingereza, ilikuta mazao ya kilimo hai yana polifenoli (kemikali za asili za mimea) nyingi zaidi na kadimiamu, ambayo ni madini yenye sumu, kidogo. Kama hilo linampa mlaji afya bora, utafiti huo haukupima.

Kuhusu saratani, ushahidi unavutana. Ufaransa, mwaka 2018, walaji wakubwa wa vyakula hivi walionekana kupata saratani pungufu kwa asilimia 25. Uingereza, mwaka 2014, wanawake zaidi ya 600,000 walifuatiliwa na saratani kwa jumla haikupungua. Tena wale Wafaransa walikuwa na kipato kizuri, elimu na mlo bora, mambo ambayo peke yake yanatosha kumweka mtu mbali na hospitali.

Kwa hiyo unacholipia ni dawa ambayo haikupulizwa. Basi tupange manunuzi kwa kuuliza: hapa Uganda, ni kipi kinachopulizwa sana, na je, kuna hatari nyingine kubwa kuliko dawa?

Kwanza kabisa: karanga na unga, na hapa usitafute kilimo hai

Najua mwongozo ni wa kilimo hai, lakini kama una hela ya ziada ya chakula, ianzie hapa. Sumukuvu inatokana na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu. Inasababisha saratani ya ini, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B hatari inazidi mara nyingi. Kupika hakuiondoi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Mkulima asiyegusa dawa hata tone anaweza kukuuzia karanga zilizojaa sumukuvu, kwa kuwa tatizo liko kwenye kukausha na kutunza.

Karanga zilizokwisha sagwa ndizo za kuogopa, maana punje zilizooza huweza kufichwa humo. Nunua nzima, chambua mwenyewe, tupa zote zilizosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu, halafu peleka mashineni usimame pale zikisagwa. Unga wa mahindi chukua wenye alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na ukinusa harufu ya uvundo usinunue hata kwa bei ya kutupa. Kwa uji wa mtoto, ule wa mchanganyiko wa mahindi, karanga, soya na mukene (dagaa), sikubali unga ambao sijui umetoka wapi.

Pili: nyanya

Hapa ndipo kilimo hai kinapostahili bei yake. Nyanya zetu huvamiwa sana na barajivu, ugonjwa wa ukungu, na wakulima wengi hupiga mankozebu, dawa ya kuua ukungu, kila wiki, wengine hadi karibu na siku ya kuvuna. Yale madoa meupe au ya kijivu unayoyaona sokoni mara nyingi ndiyo hiyo dawa. Wapo wauzaji wanaokwambia nyanya yenye madoa hudumu zaidi, na wapo wateja wanaoichagua kwa hilo! Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoendelea kuiruhusu mankozebu.

Ukipata nyanya za mkulima wa kilimo hai unayemjua, ongeza hela bila kinyongo. Usipopata, nunua za soko la Nakasero au Kalerwe kama kawaida lakini zioshe vizuri, kwa kuzisugua kwa mikono kwenye maji yanayotiririka. Mankozebu hukaa juu ya ganda, kwa hiyo sehemu kubwa huondoka. Cha msingi ni kuosha kabla ya kupika: ikipata moto, dawa hii hugeuka kuwa kemikali nyingine inayodhuru tezi ya shingo. Hoho na kabichi nazo zipe uangalifu huo huo. Kwenye kabichi toa majani ya nje.

Tatu: mboga za majani

Dodo (mchicha) na nakati hupigwa dawa kidogo kuliko nyanya, sukuma wiki zaidi kidogo. Swali langu kwa mama muuza mboga ni moja: zimelimwa wapi? Mashamba ya bondeni karibu na mfereji wa Nakivubo hupokea maji taka ya jiji, na watafiti wamekuta madini mazito kama risasi katika mazao ya huko. Maji ya bomba huondoa vumbi na kupunguza vijidudu, hayaondoi risasi iliyofyonzwa na mizizi. Mboga za vilimani, hata zisizo na kibandiko chochote, ni bora kuliko zile. Kama una uwanja wa futi chache, sukuma iliyopandwa kwenye magunia mawili ya udongo itakuondolea swali hili kabisa.

Nne: mayai na kuku

Mayai ya kienyeji ni ghali na sioni tofauti kubwa ya lishe. Sababu ya kuyanunua ni dawa za mifugo. Mwaka 2023 nchi ilishtuka kusikia baadhi ya wafugaji wanawapa kuku na nguruwe dawa za VVU. Antibiotiki zinazotumiwa kiholela ni tatizo la zamani zaidi. Kama unaweza kununua kwa mfugaji wa mtaani ambaye kuku wake unawaona wakichakura, vizuri. Lakini usidanganywe na kiini cha njano iliyokolea: rangi inatokana na chakula cha kuku, na inaweza kuongezwa.

Usilipe zaidi kwa hivi

Matoke, mihogo, viazi vitamu, mafenesi, maparachichi. Wakulima wengi wadogo hawavipulizii dawa, kwa kuwa hawana hela ya dawa, na vyote humenywa. Kuvibandika lebo na kupandisha bei ni biashara tu. Kahawa ya kilimo hai ya Mlima Elgon au Rwenzori inunue ukiipenda. Anayefaidika kiafya ni mkulima asiyevuta hewa yenye dawa shambani, na hiyo nayo ni sababu ya kutosha.

Kuhusu kibandiko

Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Hiyo ina ukaguzi nyuma yake. Neno "asili" lililochapwa kwenye mfuko wa plastiki halina. Bidhaa nyingi za Uganda zilizothibitishwa huenda nje: kahawa, kakao, simsim (ufuta), vanila, nanasi kavu. Ndiyo maana hapa nyumbani alama ni adimu. Ukimkuta muuzaji anayedai mboga zake ni za kilimo hai bila alama, mwulize anazuiaje wadudu. Anayelima kweli hivyo atakueleza habari ya majivu, pilipili au mwarobaini mpaka uchoke. Asiyelima hivyo atakuuliza unataka kilo ngapi.