SystemRescue: flashi iliyonirudishia harusi za miaka 6

Mwenye haraka achukue hili: SystemRescue, programu ya kuokoa data inayowaka kutoka kwenye flashi, ni ya bure, na imenirudishia karibu kila kitu. Lakini kama diski zako bado zimo ndani ya kasha lililokufa, tafadhali usichomeke chochote mpaka umalize kusoma.

Napiga picha na video za harusi hapa Tanga. Kazi zote tangu 2019, kuanzia kupamba hadi send-off, nilikuwa naziweka kwenye NAS, yaani kasha la kuhifadhia mafaili kupitia mtandao, lenye diski 4, kila moja ya TB 4, zilizopangwa kwa RAID 5. Kwenye mpango huo mafaili hukatwakatwa na kugawanywa kwenye diski zote, pamoja na vipande vya hesabu vinavyojaza pengo ikiwa diski moja itakufa. Pengo la diski moja tu. Zikifa mbili, hesabu haina pa kushika.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kasha likazima moja kwa moja. Nikaazima adapta nyingine ya volti 12, wapi! Kati ya vilivyokuwa ndani ni video ya mama mmoja akimfunda binti yake. Yule mama alishafariki, na binti alikuwa ameniomba nakala wiki ileile. Sikulala.

Nilikwenda kwa fundi, sitamtaja. Akachomeka diski moja kwenye Windows, Windows ikadai ifomatiwe kwanza. Akaniambia, "Dada, hii imeshaondoka. Niifomati, halafu nizivute picha." Nikamwambia, "Kaka, naomba usiiguse." Diski ilikuwa haijaondoka. NAS nyingi za ofisi ndogo ndani yake ni Linux, mfumo wa kompyuta tofauti na Windows, na diski zake huwa zimefomatiwa kwa ext4 au Btrfs, ambazo Windows yenyewe haizisomi. Inachokiona haikielewi, basi inaomba ruhusa ya kukifuta. Ukibonyeza ndiyo, umejiongezea msiba.

Alikuwa pia ameshaendesha programu ya kuvuta mafaili kwenye diski ile moja. Zilitoka picha nyingi sana, na karibu zote zilikuwa hivi: ukanda wa juu unaonyesha kilemba au paji la uso, chini yote kijivu. Ilinichoma moyo, ila ndiyo iliyonifungua macho. Picha yangu moja ghafi ina MB 25, na kwenye RAID 5 imesambaa diski zote nne. Ukisoma diski moja peke yake unapata makombo. Hata PhotoRec, ambayo naipenda na imeniokolea kadi za kamera zaidi ya mara moja, haiwezi kitu hapa mpaka diski ziunganishwe kwanza.

Ndipo nikashusha SystemRescue. Ni Linux kamili inayowaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa kwenye kompyuta. Ndani yake zimo mdadm ya kuunganisha RAID, zana za LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski), ddrescue ya kunakili diski mbovu, na TestDisk na PhotoRec za kuokoa vilivyopotea. Inaanza na skrini nyeusi ya maandishi. Ukiandika startx unapata madirisha na kipanya. Niliazima kompyuta ya mezani ya zamani yenye nafasi nne za SATA, za kuchomeka diski. Kabla ya kutoa diski kwenye kasha nilizibandika plasta na kuziandika namba, 1 hadi 4.

Amri niliyoithamini kuliko zote ni mdadm --examine. Inasoma tu, haiandiki chochote, na inakusomea wasifu wa kila diski: ni ya kundi gani, ilikaa nafasi ya ngapi, na hesabu ya matukio iliyoyashuhudia. Diski 1, 3 na 4 zilikuwa na hesabu moja. Diski 2 ilikuwa nyuma kwa maelfu. Maana yake ilishatoka kwenye kundi siku nyingi, kasha likaendelea na tatu, na mimi sikujua kwa sababu sikuwahi kuweka barua pepe ya kupokea tahadhari. Basi pengo langu moja lilikuwa limeshatumika, na zile tatu zote nilizihitaji. Nikazipima afya kwa smartctl: diski 4 ilikuwa na sekta (vipande vidogo vya diski) kadhaa zisizosomeka.

Hapo ndipo ddrescue ilipostahili sifa. Ameiandika Antonio Diaz Diaz, na akili yake iko kwenye mpangilio wa kazi: inakimbia kwanza kwenye sehemu nzima na kuzinakili, inaruka palipooza, kisha inarudi kuchokonoa mabaki kidogokidogo. Diski inayokufa huipi kazi ngumu mwanzoni. Unatoa kwanza kinachotoka. Nikanunua diski mpya ya TB 4, nikahakikisha kwa blockdev kwamba si ndogo kuliko ya zamani hata kwa baiti moja, nikaanza kunakili diski 4.

Inapofanya kazi huandika ramani ya ilipofika. SystemRescue yenyewe inaishi kwenye RAM, kwa hiyo ramani ukiiacha humo, umeme ukikatika imepotea. Mimi niliielekeza kwenye flashi ya pili. Saa saba usiku umeme ulikatika kweli. Uliporudi nikaandika amri ileile, ikaendelea palepale ilipoachia. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kazi nzima ilichukua saa 31, na kisichosomeka hakikufika MB 2 katika TB 4.

Kisha nikachomeka diski 1, diski 3 na ile nakala. Ya 2 nikaiacha kabatini, maana taarifa zake za zamani zingechafua mpya. Kundi lilikuwa limejitokeza lenyewe likiwa nusu, nikalisimamisha kwa mdadm --stop, halafu nikaliunganisha upya kwa --assemble --readonly --run. Kuna watu wanaoshauri --create. Usiwasikilize: hiyo inaandika wasifu mpya juu ya ule wa zamani, na ukikosea mpangilio umejifungia mlango. Baada ya hapo vgchange -ay kuamsha LVM, na mount ya kuyafungua mafaili, kwa ro,noload (ro ni kusoma tu). Bila noload, ext4 ilitaka kwanza kukamilisha maandishi yaliyokatizwa na umeme, ikagoma kwa kuwa nilikuwa nimeifungia kuandika.

Nikaandika ls. Majina ya mabwana na mabibi harusi yakashuka skrini nzima, kila folda na tarehe yake kama nilivyoiacha. Kuhamishia TB 7 kwenye eksteno kulichukua siku mbili kasoro.

Sasa lawama. Zana hizi hazikulindi na mkono wako mwenyewe. ddrescue hukataa kuandika juu ya diski nzima mpaka uweke --force, lakini ukishaiweka, ukigeuza diski ya kutoka na ya kwenda, diski tupu inaandikwa juu ya harusi zako na hakuna atakayekuuliza usipoongeza --ask. Majina kama sda na sdb nayo yanaweza kubadilika kila unapowasha. Nililinganisha namba za utambulisho (serial) zilizochapwa kwenye diski na zinazotoka kwenye lsblk, amri inayoorodhesha diski, kila mara, bila kuchoka. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na mtu ambaye hajawahi kushika terminali ataogopa. Huyo ningemwelekeza kwenye programu ya UFS Explorer: ni ya kulipia, lakini ina madirisha, inaendeshwa hata kwenye Windows, na toleo la majaribio linakuonyesha mafaili kabla hujatoa hela.

Na kama diski inagonga tik-tik au imeanguka chini, usiiwashe tena hata kwa dakika moja, si kwa SystemRescue wala kwa kitu kingine. Hiyo inahitaji maabara yenye chumba kisicho na vumbi.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano naizuia kwa sababu ya huo ukimya wa ddrescue kabla ya kuandika. Zile sekta zilizokufa ziliangukia video ya send-off moja, sekunde chache wakati wa keki, picha inavunjika vipande vya rangi halafu inarudi. Niliwapigia wenyewe nikawaeleza. Video ya yule mama niliitazama yote, dakika 41, nikiwa nimewasha sauti, ndipo nikampelekea binti yake.