Ugonjwa au utawala: kipi kilituchelewesha?

Hapa Goma, mtoto akiharisha, mama hafiki sokoni. Sambaza, samaki wadogo anaouza, zinaharibika, mtaji unaishia kwenye serumu. Ndiyo maana hoja ya mchumi Mmarekani Jeffrey Sachs kuhusu umaskini wa Afrika inanigusa: malaria na maradhi mengine hula nguvu za mfanyakazi, humtoa mtoto darasani, hufukuza wawekezaji. Tibu watu, uchumi utapata pa kusimamia.

Acemoglu, Johnson na Robinson, washindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2024, waliandika jingine mwaka 2001. Kwao ugonjwa ulituumiza zamani: pale Wazungu walipokufa kwa wingi hawakuhamia, wakajenga tawala za kunyonya, nazo zikarithiwa. Mfano wao mmojawapo ni Kongo yetu.

Naegemea kwa hawa, ila si kwa moyo wote. Kipindupindu kilichoua maelfu ya wakimbizi hapa mwaka 1994 hakikungoja katiba nzuri. Na leo? Ziwa Kivu liko palepale, bomba halifiki mitaa mingi. Alfajiri jirani yangu hushuka ufukweni na bidoni la njano. Kijana humtilia majini klorini, dawa ya kuua vijidudu, akiipima kwa sindano, naye hupanda nalo mgongoni juu ya mawe ya volkano.