Supercourse: miaka yangu na mihadhara ya bure ya afya ya jamii

Mwaka 2016 nilikabidhiwa somo la epidemiolojia wiki moja kabla ya muhula kuanza. Mwenzangu aliyekuwa akilifundisha alikuwa amehamishwa, akaniachia daftari la noti zake na kitabu kimoja ambacho kurasa za katikati zilikuwa zimenyofoka. Darasani walinisubiri vijana 64. Mimi kwa fani ni tabibu. Nilijua kumhudumia mgonjwa mmoja aliyelala mbele yangu, lakini kufundisha jinsi ya kuusoma ugonjwa unaotembea kijiji kizima ni kazi nyingine kabisa, na usingizi ulinipaa.

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye, yuko Dar, ndiye aliyenitumia ujumbe: ingia Google, andika Supercourse Pittsburgh, halafu pekua. Nilisubiri saa sita usiku ili nitumie bando la usiku, maana la mchana lilikuwa ghali. Mpaka adhana ya alfajiri nilikuwa nimepakua mihadhara kumi na moja. Kigoma yetu hii, kwa mtandao wa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo, na sababu yake ni kwamba mihadhara yenyewe ni myepesi. Ni slaidi za maandishi na picha chache, chini yake maelezo ya mwalimu aliyeuandaa. Hakuna video inayokatakata hadi bando likaisha.

Kwa asiyeifahamu, Supercourse ni maktaba ya mihadhara iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Aliyeiongoza na wenzake ni Profesa Ronald LaPorte, mtaalamu wa epidemiolojia aliyefanya kazi ya kufuatilia kisukari cha watoto katika nchi nyingi. Wazo lao lilikuwa rahisi sana. Kila mwalimu ana mhadhara mmoja anaoufundisha vizuri kuliko mingine yote. Basi autoe huo mmoja, bila malipo, na mwalimu wa nchi nyingine autumie darasani kwake. Walimu waliitikia. Mihadhara ilishavuka 3,000, na mtandao wa waliojiunga ulifika nchi zaidi ya 150. Nakala ziliwekwa kwenye seva za nchi mbalimbali na nyingine zikasambazwa kwa CD, kwa ajili ya vyuo ambavyo intaneti ilikuwa ya kubahatisha.

Kuna kitu hapo ambacho watu wengi wanaoisifu au kuiponda hawakioni. Mihadhara hii haikuandaliwa kwa ajili ya mwanafunzi aliyekaa peke yake na simu yake. Iliandaliwa kwa ajili ya mwalimu. Unapewa faili la PowerPoint, ulifungue, ulikate, uongeze, utoe, uliweke sawa na darasa lako. Mimi mhadhara nauchukulia kama unga uliokwisha kusagwa: kazi ngumu ya kinu umefanyiwa, lakini ukiumwaga kwenye sahani hivyohivyo hakuna atakayekula. Lazima uupike kwa maji ya kwenu.

Hili nililijifunza kwa somo la kipindupindu. Mhadhara niliouchukua ulikuwa wa kisa ambacho kila anayesoma epidemiolojia hukutana nacho: daktari John Snow na bomba la maji la Broad Street, London, mwaka 1854. Watu zaidi ya 500 walikufa ndani ya siku kama kumi katika mtaa mmoja. Wakubwa wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Snow akapita nyumba kwa nyumba akiuliza maji yanachotwa wapi, na vifo akavitia alama kwenye ramani. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Somo zuri, nikalifundisha kama lilivyokuja. Vijana wakaandika. Wengine walikuwa wanatazama dirishani.

Muhula uliofuata nikakaa na mhadhara uleule na kuukata. Slaidi za kwanza, Snow mwenyewe, nikaziacha. Za kati nikazitoa, nikaweka Kagunga.

Wa Kigoma hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: Kagunga ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi, kimebanwa kati ya mlima na ziwa. Watu hufika kwa boti. Mei 2015 machafuko yalipozuka Burundi, wakimbizi walimiminika pale kwa makumi ya maelfu, kwenye ufukwe usio na vyoo wala maji safi ya kuwatosha. Wakanywa maji ya ziwa, ziwa lilelile ambalo hapakuwa na namna ya kulikinga na uchafu. Kipindupindu kikapiga. Hadi kufikia wiki ya tatu ya Mei wagonjwa waliripotiwa kufika 3,000 hivi na vifo 31. Meli ya MV Liemba, ambayo Wajerumani waliiunda kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ndiyo iliyokuwa ikiwabeba watu kuwaleta Kigoma mjini safari baada ya safari.

Siku hiyo sikufundisha kwa kuongea. Nilichora ufukwe ubaoni: ziwa, mlima, gati, njia ya kupandia. Nikagawa vipande vya chaki ya rangi na kuuliza, "Ungekuwa Snow, umeshuka hapa na daftari, unaanza kumuuliza nani, na unamuuliza nini?" Kimya kidogo. Halafu msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye tangu aanze chuo nilikuwa sijamsikia sauti, akasimama. Kaka yake alikuwa kibarua wa boti za mbao kipindi kile. Akaja mbele, akachukua chaki nyekundu, akaonyesha mahali watu walipokuwa wanalala na mahali walipokuwa wanachota, hatua chache tu zikitenganisha. Kisha akasema, "Mwalimu, tatizo si kwamba hawakujua maji ni machafu. Walijua. Hapakuwa na mengine."

Darasa zima liligeuka. Tukatumia saa mbili badala ya moja. Tukarudi kwa Snow, kwa yule mjane wa Hampstead aliyekuwa anaishi mbali na Broad Street lakini akiletewa maji ya bomba lile kwa kuwa aliyapenda, naye akafa. Na wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani na bomba ambao walikunywa bia na maji ya kisima chao, wakasalimika. Sasa vijana walielewa kwa nini mifano hiyo miwili ni muhimu kuliko mamia waliokufa pale bombani: mmoja yuko mbali na ameugua, wengine wako karibu na hawakuugua, na kinachowatofautisha ni maji. Nimefundisha miaka mingi na siku kama ile nazihesabu kwa vidole.

Tangu hapo nimeongeza slaidi moja ya James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa Zanzibar kipindupindu kilipoipiga mwaka 1869. Alifuatilia njia za misafara ya bara na njia za majahazi ili ajue ugonjwa ulitokea wapi, akaona ulivyopita nchi ya Wamasai hadi Pangani kabla ya kuvuka bahari. Nataka wanafunzi wangu wajue kwamba kazi hii ya kufuatilia nyayo za ugonjwa haikuishia London.

Kosa langu nalo nilieleze, maana litamsaidia mtu. Mhadhara hubeba tarehe ya siku ulipoandaliwa, na mingi ya maktaba hii iliandaliwa miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka wa pili wa kufundisha, kwa haraka, nilichukua mhadhara wa VVU bila kuangalia tarehe. Slaidi moja ilisema mgonjwa aanzishiwe dawa CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zikishuka chini ya 200. Kijana mmoja aliyekuwa amejitolea CTC, kliniki ya wenye VVU, akanyoosha mkono kwa adabu: "Samahani mwalimu, siku hizi hatusubiri CD4. Akipimwa akakutwa nayo, anaanza." Alikuwa sahihi kabisa. Kiwango hicho kilipandishwa hadi 350 mwaka 2010, 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali CD4. Nilimshukuru mbele ya wenzake na kuifuta slaidi palepale. Ningekuwa na darasa la vijana waoga, wangeondoka na habari ya zamani, na habari hiyo mwisho wake ni kwa mgonjwa.

Kwa hiyo mihadhara hii naigawa mafungu mawili. Mihadhara ya misingi, yaani namna ya kuchunguza mlipuko, tofauti ya visa vipya na visa vyote vilivyopo, aina za tafiti, upendeleo katika sampuli, historia, hiyo haichachi. Ya mwaka 2001 inafundishika leo bila wasiwasi. Ya matibabu, chanjo, dawa za malaria na takwimu za magonjwa, hiyo chukua mpangilio wake tu, lakini kila namba na kila dawa ihakiki kwenye mwongozo wa Wizara ya Afya unaotumika sasa.

Kuna kundi jingine nililolipenda, mihadhara ya dharura. Tetemeko lilipoubomoa mji wa Bam, Iran, tarehe 26 Desemba 2003, wataalamu wa Iran waliandaa mhadhara ndani ya siku chache tu ukasambazwa kwa walimu duniani, ili wanafunzi wasome tetemeko ni nini na madhara yake kwa afya wakati habari bado ni ya moto. Nilipousoma niliwaza sana. Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, ilipoingia Kagera Machi 2023, wanafunzi wangu walikuwa wanapata habari kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp, nusu kweli nusu uzushi, na mimi nilihangaika siku tatu kutengeneza slaidi kumi na tano za maana. Mkoa wa jirani! Ningefurahi kama walimu wa vyuo vyetu vya afya tungekuwa na utaratibu wa namna ile: mmoja anaandaa usiku, asubuhi wote tunafundisha.

Lugha ndiyo inayoniuma. Mihadhara mingine imetafsiriwa, ila sehemu kubwa ni Kiingereza. Chuoni tunafundisha kwa Kiingereza kwa mujibu wa mtaala, sawa, lakini kijana huyu akihitimu atasimama chini ya mwembe azungumze na mama mwenye mtoto mgongoni. Kama dhana ameibeba kwa Kiingereza kitupu, itamkwama kooni. Mimi huandika maelezo ya Kiswahili chini ya kila slaidi, na katika mtihani wa vitendo namtaka kila mmoja anieleze mlipuko kama anavyomweleza mwenyekiti wa kitongoji.

Anayetaka cheti, hapa si pake. Aende kwenye masomo ya mtandaoni ya Shirika la Afya Duniani, walioanzisha jukwaa la OpenWHO mwaka 2017. Masomo ya jukwaa hilo yalikuwa ya bure, na wakati wa Korona baadhi yaliwekwa hata kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, nao waliweka wazi nyenzo za kozi zao za afya ya jamii, zimepangika zaidi kwa mtu anayejisomea. Wanafunzi wangu nawaelekeza huko. Mwalimu mwenzangu nampa Supercourse.

Ukiingia, usianze na mihadhara ishirini. Tafuta mmoja wa mada unayofundisha wiki ijayo, soma maelezo ya chini kabla ya slaidi zenyewe, angalia tarehe, pakua, uhifadhi kwenye flashi mbili. Jina la aliyeuandaa liache kwenye slaidi ya kwanza. Katupa jasho lake bure, angalau tumtaje. Projekta ikigoma au umeme ukikatika, kama kwetu ilivyo kawaida, chagua slaidi nne na uzichore ubaoni. Nakwambia mara nyingine zinaingia vizuri kuliko zikiwa ukutani.

Alama zangu ni nne na nusu kwa tano, na hiyo nusu iliyobaki ni ya Kiswahili.

Mwaka jana niliumalizia mhadhara wangu wa Kagunga, slaidi 31, Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nimeshawapa wakufunzi wenzangu wa Kasulu, Tabora na Sumbawanga kwa flashi na kwa WhatsApp, na niliwaambia waukate watakavyo. Wa Sumbawanga ameshatoa ufukwe wangu na kuweka wa kwao, kambi za wavuvi za Ziwa Rukwa, na akanirudishia faili nione. Kaongeza swali ambalo mimi sikulifikiria: wavuvi wanapohama kambi, daftari la wagonjwa linabaki kwa nani?

Nimeliingiza kwenye mhadhara wangu, slaidi ya 32, na jina lake nimeliandika pembeni.